Kochi la Watu Watatu

Masharubu ya marehemu baba yao yalitumbukia tena kwenye kikombe cha chai. Chiriku, aliyekuwa ameketi nyuma ya kamera kwenye kigoda kisicho na mgongo, akasema kwa ile sauti ambayo zamani ilijaza kumbi bila msaada wa umeme, "Baba hakuwa na masharubu!"

Hakuna aliyegeuka. Mwigizaji wa baba aliyaopoa masharubu kwa kijiko, akayakung'uta, akampa msichana wa vipodozi, naye akayapaka gundi na kuyarudisha mahali ambapo hayakuwahi kuota tangu marehemu azaliwe. Baba yao alikuwa kinyozi. Watu husema kinyozi hajinyoi, lakini huyu alijinyoa kila asubuhi, tena mbele ya wateja, ili waone kwamba wembe wake hauna hiana. Mwongozaji alikuwa ameelezwa yote hayo. Alijibu kwamba bila masharubu baba haonekani kama baba, na mambo yakaishia hapo.

Shingoni Chiriku alivaa kitambulisho kilichoandikwa "Mshauri wa Familia". Siku ya kwanza alikivaa kwa madaha, akapita nacho sokoni makusudi. Sasa alikuwa ameshajua kwamba kazi ya mshauri ni kushauri. Kusikiliza ilikuwa kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu hakuwa ameajiriwa.

Filamu ilikuwa ya televisheni, ya maisha yao wenyewe: kinyozi mjane aliyepiga kinanda, na watoto wake waliotoka kuimba kwenye chumba kimoja cha kupanga mpaka nyimbo zao zikawa zinapigwa kwenye kila redio yenye betri. Ni hadithi nzuri, na ilikuwa ya kweli kabla watu wa filamu hawajaishika. Chumba cha kupanga kilikuwa kimegeuka nyumba ya ghorofa yenye mapazia. Mvua ya usiku waliofiwa na mama ililetwa na gari la zimamoto, ikanyesha mlangoni tu, dirishani jua linawaka. Chiriku akiwa mchanga alikuwa watoto watatu wa kuazima, kila mmoja akilia kwa zamu yake, na wa mwisho wao alikuwa na meno.

Halafu kulikuwa na binti aliyemwigiza Chiriku mwenyewe, mrembo kweli, mwenye adabu, aliyelia kila alipowashiwa kamera.

"Mwanangu, mimi sikuwa mtu wa kulia," Chiriku alimwambia.

"Lakini ndani kwa ndani, mama, si ulikuwa unalia?"

"Ndani kwa ndani nilikuwa na njaa."

Binti aliitikia kwa kichwa, akarudi mbele ya kamera, akalia kwa njaa.

Haya yote Chiriku angeyameza. Alikuwa mtu mzima, ameshameza makubwa zaidi. Kilichomkwama kooni ni kochi.

Lilikuwa kochi la kahawia, zuri, lililowekwa katikati ya ile sebule ambayo hawakuwahi kuwa nayo, na watoto wa kinyozi walikaa hapo wakaimba. Kochi lilikuwa la watu watatu. Kwa hiyo watoto wa kinyozi, ambao walikuwa wanne tangu dunia iwajue, walikuwa wamekuwa watatu: Kaka Mkubwa, aliyeongoza, Sukari, dada wa pili, aliyepewa jina hilo kwa utamu wa sauti yake, na ambaye siku hizi daktari amemkataza hata kuonja sukari yenyewe, na Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakunyamaza tangu alipojua kusema. Wa nne alikuwa Pipa. Pipa hakuwa kwenye kochi wala kwenye picha za ukutani wala kwenye neno lolote alilotamka mtu yeyote mbele ya kamera.

Pipa ndiye kitindamimba. Mama yao alifariki Pipa akiwa bado ananyonya, na Chiriku, ambaye mwenyewe alikuwa hajafika kimo cha meza, ndiye aliyembeba mgongoni. Mtoto alikua akawa mwembamba kama ufito, akafungua mdomo, ikatoka sauti nzito ya kutoka chini kabisa, kana kwamba kuna mtu mwingine mnene amejificha ndani ya pipa. Ndiyo asili ya jina.

Aliondoka hivi. Baba yao alizikwa, na kesho yake kulikuwa na shindano kubwa waliloliandaa mwaka mzima. Kaka Mkubwa akasema wataimba, kwa kuwa baba angetaka waimbe. Pipa akasema baba angetaka kwanza udongo wa kaburi lake ukauke. Wakapelekwa jukwaani hivyo hivyo, na kabla wimbo haujaanza Pipa aliweka maiki chini taratibu, akashuka, akatoka kwa mlango wa watazamaji. Waliimba watatu, wakashindwa. Nje ya ukumbi, mbele za watu, Kaka Mkubwa alisema, "Aliyetoka katoka." Tangu hapo wawili hao hawakukaa chumba kimoja. Kwenye harusi za familia mmoja alikuja mapema, mwingine akaja viti vinapopangwa juu ya vingine ili virudishwe. Kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo huo alijua kwamba wajomba hao wawili hupokezana kama walinzi wa zamu.

Sasa nani alimfuta Pipa? Ukimuuliza mwongozaji, ni kochi. Ukimuuliza Kaka Mkubwa, ambaye ndiye aliyesimulia hadithi na kutia sahihi, ni mwongozaji. Ukiliuliza kochi, basi wewe ndiye umeshachanganyikiwa, na Chiriku alikuwa amekaribia.

Siku hiyo ya masharubu, wakati wa chakula cha mchana, simu yake iliita. Alijificha nyuma ya jenereta ili asikie, jambo la kijinga, kwa sababu jenereta lilikuwa linanguruma.

"Dada," sauti ya Pipa ilitoka, nzito kuliko jenereta. Alikuwa fundi friji, ana karakana yake na wajukuu wake. "Hawa watoto wamealika mtaa mzima kuja kuangalia. Wamekwenda mpaka kwa fundi cherehani kuazima viti. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, ili nijue nitakaaje mbele za watu. Nipo?"

Chiriku alikuwa na njaa, alikuwa na jua kisogoni, na masharubu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Zaidi ya hayo yote, huyu ndiye aliyembeba.

"Upo," alisema.

"Nipo wapi?"

"Kwenye kochi."

"Aa," Pipa alisema, na kicheko chake kikaja chini kwa chini, kama mtu aliyetua mzigo. "Basi sawa. Nilikuwa nashindwa kulala, Dada. Na yule mjinga wa simu naye hajaacha kunisumbua."

"Mjinga yupi?"

"Si nilikwambia? Yule anayepiga, hasemi, anavuta pumzi tu, halafu anakata. Kila sikukuu lazima. Juzi tena."

"Mfungie namba, mwanaharamu huyo!"

"Aah, mwache. Pengine hana mtu mwingine wa kumhemea."

Simu ikakatika. Chiriku akabaki ameishika, akajitazama kwenye kioo cha gari la jenereta, akajiambia kwamba mtu mzima ovyo anaonekana hivyo. Sasa uongo ulikuwa umeshapewa mpaka mahali pa kukaa. Njia ya kuufanya usiwe uongo ilikuwa moja tu, kumtia Pipa kwenye filamu kabla haijaisha.

Alimkabili mwongozaji mezani, mwenyewe mwongozaji akiwa na kijiko mdomoni.

"Mama, nakuheshimu sana," mwongozaji alianza, na Chiriku akajua hapo hapo kwamba amekataliwa. "Lakini watoto wanne ni wengi. Mtazamaji atachanganyikiwa."

"Mtazamaji gani huyo asiyejua kuhesabu mpaka nne? Ana watoto wangapi yeye?"

"Ni suala la picha, mama. Wanne hawakai kwenye kochi."

"Nunueni kochi lingine."

Mwongozaji akaweka kijiko chini kama mtu aliyetukanwa. "Kochi limeshaonekana karibu katika filamu nzima. Likibadilika ghafla, watu wataona. Kuna watu kazi yao ni hiyo, kukaa na kuhesabu makosa. Watasema, mbona kochi limebadilika?"

"Na mtoto mzima kupotea, hilo si kosa?"

"Hawamjui," mwongozaji alisema, kwa upole kabisa. "Hawawezi kumtafuta mtu wasiyemjua."

Chiriku aliondoka, maana jibu alilokuwa nalo lingemfanya anyang'anywe kitambulisho. Akamwendea Kaka Mkubwa, aliyekuwa amekaa ndani, amevaa miwani ya jua, kwenye kiti chenye mgongo na pia mikono.

"Kaka, sema neno moja tu. Wewe watakusikiliza."

"Asiyekuwepo na lake halipo," Kaka Mkubwa alisema.

"Alikuwepo miaka yote! Alikuwa anakojoa kwenye mkeka wako!"

"Chiriku, umeanza." Miwani haikutikisika. "Mimi nimeshazeeka, sitaki kuchimbua yaliyozikwa. Filamu ni nzuri. Hata masharubu yale yanampendeza mzee."

Alijaribu na mwandishi wa mchezo, ambaye alimwelekeza kwa mwongozaji. Alijaribu hata kukaa kimya siku nzima kwa hasira, na hakuna aliyegundua isipokuwa msichana wa vipodozi, aliyemuuliza kama jino linamuuma. Alipofika nyumbani jioni alilitukana sufuria.

Mlango wa kumrudisha Pipa ukafunguka upande ambao hakuna aliyekuwa anauangalia. Waigizaji hawakujua kuimba. Walikuwa wachezeshe midomo tu juu ya sauti halisi za zamani, na kanda za zamani zilikuwa kwa Kaka Mkubwa, kwenye sanduku juu ya dari, chini ya bati. Joto lilikuwa limezichemsha miaka yote hiyo. Waliposhusha sanduku walikuta kanda zimeshikamana, donge moja jeusi. Nyimbo nyingi mwongozaji alizipata kwa watu waliokuwa wamehifadhi sahani za santuri. Wimbo mmoja haukuwa na santuri, nao ulikuwa wa sehemu ya mwisho ya filamu: wimbo wa kuagia watu, aliotunga baba yao, waliofungia nao kila onyesho. Hapakuwa na njia nyingine. Watoto wa kinyozi waliobaki kwenye kochi waitwe wakauimbe upya.

Waliingizwa kwenye chumba kisicho na dirisha chenye kuta za sponji. Simu ziliachwa kwenye kapu mlangoni, isipokuwa ya Kaka Mkubwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwomba. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi wa sauti, mtu wa makamo mwenye mafua, na nyuma yake mwongozaji.

Waliimba. Sauti zilikuwa na kutu, Sukari alikuwa anaogopea meno yake ya bandia, lakini ubeti wa kwanza ulipopita kitu fulani kilijipanga chenyewe. Chiriku alisahau kukasirika. Wakafika ubeti wa mwisho, wakapanda, wakapanda, wakanyamaza wote kwa pamoja. Kisha baada ya kitambo, wote kwa pamoja, wakaendelea.

"Mmesahau maneno?" fundi wa sauti aliuliza kupitia spika.

"Hapana," alisema Kaka Mkubwa.

"Basi mbona mlinyamaza?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa amejua kwamba amenyamaza.

Wakarudia. Wakapanda, wakanyamaza palepale, kwa urefu uleule. Fundi wa sauti akapenga kamasi, akawachezea walichoimba ili wajisikie wenyewe. Katikati ya wimbo kulikuwa na shimo, limekatwa kwa ukamilifu, kama nafasi ya jino.

Ulikuwa mstari wa Pipa. Wenzake walipofika juu kabisa, yeye aliingia peke yake kutoka chini, na maneno yake yalikuwa matatu tu: "Haya, twendeni nyumbani." Watu waliokuja kucheza waliposikia hivyo walianza kutafuta viatu vyao.

Kuimba mstari wa mtu mwingine hawakuweza, maana ndivyo walivyofunzwa. Baba yao hakujua kusoma nota, wala hakutaka wahesabu kwa vidole au kwa miguu. Jioni akishafunga kibanda chake cha kunyolea alizima taa, akamweka kila mtoto kwenye kona yake, uso ukutani. "Sikiliza mwenzako anavuta pumzi," alisema gizani. "Mdomo unaweza kukudanganya, pumzi haidanganyi." Wakajifunza kujuana hivyo, mpaka mtu akisimama nje ya mlango hajabisha, walio ndani wakajua ni nani. Na sheria ilikuwa moja: mstari wa mtu ni wa mtu. Aliyeugusa wa mwenzake aliosha vyombo vya wiki nzima, na katika nyumba ya kinyozi mjane vyombo havikuwa mchezo.

"Huo mstari nitauimba mimi," Kaka Mkubwa alisema. "Tuanze."

Wakaanza, wakapanda. Kaka Mkubwa akafungua mdomo. Chiriku, aliyekuwa bega kwa bega naye, alimwona akiufungua, akamwona akisubiri, akamwona akiufumba.

"Kikohozi," Kaka Mkubwa alisema, ingawa hakukohoa.

"Nitalikata hilo shimo, msijali," fundi wa sauti alisema. Akalikata kwenye kompyuta yake, akawachezea. Wimbo ukachechemea kama mtu aliyedhani ngazi zimekwisha kumbe bado moja. Hata mwongozaji, ambaye hakujua tofauti ya masharubu na ukweli, alikunja uso.

Basi akaitwa mwimbaji wa kukodi, jitu zima lenye kifua kama kabati, anayeimba sauti nzito kwenye kwaya. Alikuwa na sauti nzuri, wala hapa hasemwi kwa ubaya. Wakapanda, akaingia. "Haya," akaimba, akavuta pumzi, "twendeni nyumbani." Na wale watatu waliotakiwa kumpokea wakapitwa, mmoja akawahi, mmoja akachelewa, Sukari hakuingia kabisa. Wakarudia. Wakarudia tena. Mwongozaji alianza kutazama saa, fundi wa sauti alipiga chafya, na kila mara jitu hilo lilipovuta pumzi yake Chiriku alihisi kitu kinamkwaruza uti wa mgongo.

Mwishowe Kaka Mkubwa alizing'oa hedifoni kichwani akazitupa.

"Huyu anapumua kama anapanda mlima! Nani kakwambia uvute pumzi hapo? Pipa hakuwa anapumua hapo!"

Jina lilidondoka katikati ya chumba. Sukari alishika mdomo. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa amelisikia likitoka kwake, wala msibani, wala kwa bahati mbaya.

Yule mwimbaji wa kukodi alikuwa mtu mwenye busara. Alichukua koti lake. "Wazee wangu," alisema, "ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi naona niwahi kapu langu." Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

"Mpigie," Chiriku alimwambia kaka yake.

"Nani?"

"Usinitie wazimu, Kaka! Leo nimeshachoka. Nimechoka na masharubu, nimechoka na kochi, nimechoka na wewe na miwani yako ndani ya nyumba. Mpigie."

Kaka Mkubwa alitoa simu mfukoni. Akaishika muda mrefu.

"Ngoja nikachukue yangu kwenye kapu nikupe namba," Chiriku alisema, akageukia mlango. Hakuwa amefika mlangoni aliposikia nyuma yake simu inaita. Akageuka. Kaka Mkubwa alikuwa ameweka simu juu ya stendi ya nota, spika imefunguliwa, na hakuwa amemwomba mtu namba yoyote.

"Haloo," sauti nzito ilisema, na nyuma yake mota ya friji ilikuwa inavuma.

Kaka Mkubwa alivuta pumzi. Basi. Katika chumba kile cha sponji, ambamo hata nguo inasikika ikigusana na nguo, pumzi hiyo iliwafikia wote, nayo haikufuatwa na neno. Kidole chake kilianza kwenda kwenye kitufe chekundu.

Upande wa pili mota ilizimwa.

"Kaka," Pipa alisema. "Leo unasema, au unahema tu kama kawaida?"

Chiriku akakaa chini. Hapakuwa na kiti, akakaa sakafuni. *Pengine hana mtu mwingine wa kumhemea.* Alijua, mshenzi huyu mwembamba, alijua tangu mwanzo! Kila sikukuu mmoja alivuta pumzi na mwenzake akapokea, wote wawili wakanyamaza kama mawe, huku yeye akikimbizana na makochi. Alitaka kuwapiga wote wawili kwa kiatu. Alijikuta analia, bila kamera.

Kaka Mkubwa alivua miwani. "Kwenye mstari wa mwisho," alisema, "ule wako. Unapumulia wapi?"

"Sipumui. Baba alikataza."

"Ndivyo nilivyowaambia. Hawasikii. Njoo uwaonyeshe."

Alikuja na ovaroli lake, ananuka mafuta ya mota. Hawakukumbatiana, hawakuwa watu wa hivyo. Kaka Mkubwa alimwangalia kuanzia viatu, akasema amekonda. Pipa akasema hajawahi kunenepa. Kisha Kaka Mkubwa akamwambia fundi wa sauti azime taa. Fundi akalalamika kwamba maiki ziko katikati ya chumba, si kwenye kona, na hakuna aliyemjali. Akahamisha maiki gizani huku anapiga chafya. Kila mmoja akaenda kwenye kona yake, uso ukutani, bila kuulizana ipi ni ya nani.

Waliimba mara moja. Walipofika juu wakanyamaza, na kutoka chini kabisa, bila pumzi yoyote katikati, akaingia mwenyewe.

Taa zilipowashwa Sukari alisema, "Kaka alijaribu mstari wako."

"Alijaribu?" Pipa alimgeukia kaka yake. "Basi vyombo unavijua vilipo."

Mwongozaji alisubiri Pipa aondoke ndipo akaja na yake. Sauti ilikuwa nzuri sana, alisema, lakini sehemu ya mwisho ilishapigwa picha siku nyingi, waigizaji wakichezesha midomo bila sauti. Midomo kwenye kochi ni mitatu. Sauti hiyo ya nne ingetoka wapi? Watu wangesema ni kosa. Labda waipunguze, waifiche chini ya kinanda.

"Ukiipunguza," Kaka Mkubwa alisema, akivaa miwani yake, "huna wimbo. Wimbo ni wa baba, na karatasi ya ruhusa ya wimbo huo bado sijaitia sahihi."

Chiriku alifurahi mpaka njiani, ndipo akakumbuka. Hakumwambia Pipa amesikika. Alimwambia amekaa kwenye kochi. Na Pipa amewaambia wajukuu, na wajukuu wamewaambia mtaa.

Siku yenyewe sebule ya fundi friji ilijaa mpaka kwenye ngazi. Viti vya kuazima vilikwisha, watoto wakakaa sakafuni, majirani wakasimama dirishani. Kwa wazee paliachwa kochi la mwenye nyumba, la kijani, lililochakaa, la watu watatu. Sukari alikaa kwanza, akifuatiwa na Kaka Mkubwa, ambaye watu walimtazama kuliko televisheni. Pipa akajipenyeza. Chiriku alibaki amesimama, akasema heri asimame, na moyoni alitaka kuwa karibu na mlango.

"Kaa, wewe!" Kaka Mkubwa alifoka. "Unatuziba."

Akakaa, akiegemea nusu mkono wa kochi, nusu paja la Pipa.

Filamu ikaanza. Masharubu yalionekana, na Pipa akauliza huyo ni nani. Mvua ikanyesha mlangoni. Watoto wa kinyozi wakakaa kwenye kochi la kahawia, watatu. Mjukuu wa Pipa, binti mdogo mwenye pengo, akageuka. "Babu, wewe ni yupi?"

Pipa alimtazama Chiriku. Chiriku alitazama televisheni kana kwamba hajawahi kuiona.

"Subiri," Pipa alimwambia mtoto.

Kila watoto walipokaa kwenye kochi, mtoto aligeuka. Babu, ni huyo mwenye kofia? Babu, ni huyo anayelia? Majirani walianza kunong'ona. Pipa alijibu subiri, subiri, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, na Chiriku alihisi paja lake linavyokuwa gumu kama ubao. Angalikuwa na uwezo angaliuzima umeme wa mtaa mzima.

Hatimaye ukaja wimbo wa kuaga. Waigizaji watatu walipanda, wakapanda, wakafumba midomo. Kwenye kochi la kijani watu wanne walivuta pumzi kwa pamoja bila kujua.

"Haya, twendeni nyumbani."

Mtoto mwenye pengo hakutazama televisheni tena. Alikuwa amemgeukia babu yake, mdomo wazi, na mmoja mmoja chumba kizima kikageuka vilevile.

"Lakini mbona pale hayupo?" jirani mmoja aliuliza dirishani. "Midomo mitatu, sauti nne. Hilo kosa."

"Kosa langu," Kaka Mkubwa alisema. Alikuwa amevua miwani, ameishika mapajani. Hakusema kwa sauti kubwa, ila ilisikika mpaka kwenye ngazi, na Pipa hakumwangalia, alimsogezea tu goti.

Majina ya watengeneza filamu yakaanza kupanda, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Pipa akainama sikioni kwa dada yake.

"Uliniambia nipo kwenye kochi."

Chiriku alitazama kule mwisho wa kochi, akamwona Kaka Mkubwa na Sukari wamekunjana kama nguo kwenye sanduku. Akatazama hapa karibu, mfupa wa nyonga ya Pipa ukiwa umemchoma ubavuni tangu mwanzo wa filamu.

"Kwani sasa uko wapi?" alimwambia. "Hebu sogea huko, unanibana."